Soja Aliyelegeza Mkanda wa Saa

Ninyi vijana wa Kibera, wa Lindi na Mashimoni, mnaoniita bibi, "Shosh wa saa za ufunguo", kila nikipita na kikapu changu, leo mtakaa mnisikilize. Ni kweli nimestaafu. Meza yangu nimeigawa, na jicho langu la kuona skrubu ndogo limekwisha. Lakini hasira ninayo kamili, na sina mpango wa kuistaafisha. Utani wenu siujali. Kilichoniudhi ni kwamba jirani yangu Barasa, soja wa kulinda geti, mtu wa watoto watatu shuleni, alifukuzwa kazi na saa ya mkononi. Na kilichonitoa usingizi ni kwamba aliivaa ile saa vile nilivyomwambia mimi.

Nitafika huko. Kwanza niwaondolee ujinga mmoja.

Mnapenda kuniambia, "Shosh, hizi si saa, hizi ni kompyuta." Mnasema kama mtu anayemwonyesha bibi yake lifti. Kwani nani aliwadanganya kwamba kompyuta ya kuvaa imeanza na ninyi? Mama zenu wakiwa bado wanabebwa mgongoni, mimi nilikuwa ninazifungua mezani kwangu. Kulikuwa na saa za kalkuleta, zenye vibonyezo vidogo hata ukucha wa mtoto ulikuwa mnene kwavyo. Kulikuwa na zilizoweka namba za simu za watu. Kitu kinapokea hesabu, kinaifikiria na kukurudishia jibu, nacho kimefungwa mkononi mwako. Hiyo mnaiita nini kama si kompyuta? Tofauti ni kwamba ile ya zamani ilikujibu wewe uliyeivaa. Hizi za sasa zinamjibu mtu mwingine.

Kazi nilifunzwa mtaani Kawangware na Mzee Njuguna. Plot ilikuwa yake, vyumba vya mabati pande mbili na bomba katikati, na angeweza kula kodi akalala. Lakini kila siku ungemkuta kibarazani na lenzi jichoni akitengeneza saa. Mimi nilikuwa mpangaji wake, msichana niliyetoka upande wa ziwa juzi tu, nikifulia watu nguo. Siku moja skrubu ilimdondoka, akatambaa sakafuni mpaka akachoka. Nikainama mara moja nikaiokota.

"Wewe msichana wa Kisumu," akasema, "una macho."

"Mimi si wa Kisumu, Mzee."

"Basi wa wapi?"

"Karibu na huko."

"Hiyo ni Kisumu. Kuja hapa ukae."

Nikakaa. Nilikaa miaka mingi, na mpaka anakufa aliniita wa Kisumu, mji ambao mimi nilikuwa nimeupita kwa basi tu.

Mzee alikuwa na sheria moja iliyowaudhi wateja wote. Hakufungua saa kabla ya kuuona mkono. Mtu anakuja na haraka zake, anaiweka saa mezani, anasema imekufa. Mzee haigusi. Anamwambia, "Kaa. Lete mkono." Anaugeuza, anaunusa hata, anamuuliza anafanya kazi gani, anavaa saa mkono upi, anaivua lini. Kwa sababu saa ya fundi wa mawe inauawa na vumbi la simiti, ya mfua nguo inauawa na sabuni, na ya mpishi inauawa na mvuke, na ukifungua kabla ya kujua utakuwa unatafuta ugonjwa gizani. "Uliza mkono kwanza," aliniambia mpaka nikachoka kuyasikia hayo maneno. Kumbe nilikuwa nimechoka kabla hayajaniingia.

Acheni niwaambie vile nilivyoharibu saa ya kalkuleta ya kwanza. Ilikuwa ya mwalimu mmoja wa hesabu, aliyejivunia ile saa kuliko cheti chake cha ndoa. Betri ilikuwa imeisha. Mzee alikuwa ameenda mazishi, mimi nikasema hii ni kazi ya dakika mbili. Kosa la kwanza, niliishika betri mpya kwa vidole vitupu, gumba juu na cha shahada chini. Betri ndogo haishikwi hivyo. Jasho la vidole linaunganisha pande zake mbili, na inaanza kuisha hata kabla hujaiingiza. Ishikwe ubavuni, na kwa kibano cha plastiki, si cha chuma. Kosa la pili ndilo la aibu. Nilipoinua mashine ili niipanguse, kikadondoka kipande cha mpira, chembamba kama uzi wa kiatu, cha rangi ya waridi. Nikaona ni uchafu wa kiwandani. Nikakitupa.

Saa ikafungwa vizuri, ikang'aa, na haikuonyesha namba hata moja.

Mzee aliporudi kutoka mazishini hakunigombeza. Alinipa ufagio. Ule mpira, akanieleza huku nikifagia, ndio unaobeba umeme kutoka kwenye mashine hadi kwenye kioo. Una mistari midogo ndani yake ambayo jicho haliioni, na kila mstari unapeleka kipande chake cha namba. Nilifagia kibaraza, nikafagia njia, nikachambua takataka za majirani kwa mkono. Niliupata umegandamana na ganda la chungwa. Tangu siku hiyo sijawahi kutupa kitu kidogo nisichokijua. Na ninyi mkifungua simu ya mtu, msitupe.

Nilipohama Kawangware nikaja Lindi, nikaweka meza yangu mwenyewe, wateja wangu wakubwa wakawa masoja. Soja bila saa si soja. Lakini mkono wa soja ni adui wa saa: kutwa anavuta geti la chuma, anarudisha komeo, anajigonga. Kioo kinakwaruzika mpaka huoni mishale. Halafu anavaa sweta nzito, jasho linakaa chini ya saa na kuula mfuniko wa nyuma. Kwa hiyo kila soja aliyenijia nilimpa somo lile lile. Geuza saa, uso uwe upande wa ndani wa kifundo cha mkono, geti lisiuguse. Na mkanda ulegeze, kidole kimoja kipite chini yake, hewa ipite. Walinitii. Nilikuwa nikipita barabarani nawajua wateja wangu kwa mbali, kwa sababu wakiangalia saa huonekana kama mtu anayesoma kiganja chake. Nilijivunia jambo hilo. Somo hilo liliziokoa saa nyingi sana, na sitaki mtu aniambie lilikuwa baya.

Basi zikaja hizi mpya. Kwanza zikaja bangili za kuhesabu hatua. Mama mmoja wa mtaa wa Nyayo Highrise aliniletea yake, akasema imeharibika, ati ilimwandikia hatua za mtu aliyetembea mpaka Ngong, nje ya mji, na siku hiyo yeye hakutoka nyumbani. Niliuliza mkono. Nikamwambia, "Mama, siku hiyo ulikuwa unafanya nini?" Akasema alikuwa anakanda unga wa chapati za kanisa, ndoo nzima. Nikacheka mpaka nikashika meza. Ile bangili haijui mguu. Inajua kutikisika tu. Alikanda, ikatikisika, ikaandika safari. Akaenda zake bila kunilipa chochote na wala sikumdai, maana nilipata furaha ya wiki nzima.

Lakini furaha yenyewe haikudumu. Hizi zilizofuata zimefungwa kwa gundi. Hazina skrubu hata moja. Nilikaa na ya kwanza nikiigeuza kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba isiyo na mlango. Ukitaka kuifungua uipashe joto kwanza, na ukiipasha kidogo zaidi kioo kinapasuka. Mtu ananunua kitu kwa jasho lake na haruhusiwi kuliona tumbo lake. Betri ikichoka, anaambiwa atupe yote anunue nyingine. Hiyo inaniudhi mpaka leo, na ninyi mnaona ni kawaida kwa sababu hamkuwahi kuona kitu kikiwa na skrubu. Miaka yangu yote niliishi kwa kufufua. Nikaona sasa ninaombwa niwe mshauri wa mazishi. Ndipo nikaigawa meza.

Sasa nimfikie Barasa.

Barasa ni jirani yangu Mashimoni, ukuta wangu ni ukuta wake. Analinda geti la maghorofa, shifti ya mchana. Kampuni yake, ambayo sitaitaja, iliwagawia masoja wote saa za kuvaa. Wakaambiwa ni za usalama wao. Mwezi wa saba, ile baridi ya asubuhi inayokaza vidole, akanijia akipandisha mkono wa sweta.

"Mama Achieng, hii kitu inanikula."

Chini ya saa ngozi ilikuwa nyekundu, imejaa upele, mahali pengine pameanza kutoa maji. Nikakasirika pale pale. Nikamwambia, "Kwani umejifunga kama gunia? Legeza, kidole kipite. Na igeuze iangalie ndani, usiikwaruze na geti." Akashukuru akaenda.

Mnaona nilichofanya? Niliutazama mkono, ndiyo, nikaona upele. Lakini sikuuliza. Sikumuuliza hii saa inafanya nini, ni ya nani, inamwambia nani. Nilifungua mdomo tu, maneno ya miaka yote yakatoka yenyewe kama maji ya bomba. Mzee Njuguna angenipa ufagio.

Haikupita hata mwezi, Barasa akagonga mlango wangu mchana wa siku ya kazi, amevaa nguo za nyumbani, sare ameikunja kwenye mfuko wa karatasi. Nikajua.

"Wamesema nilikuwa navua saa naacha geti," akasema. "Kila siku, masaa. Supavaiza amenionyesha kwa tableti. Nikamwambia sijawahi kutoka hapo, hata chakula nakulia hapo hapo kwa kiti. Akaniambia mashine haina haja ya kunisingizia. Nimepewa mpaka Ijumaa nirudishe sare na saa."

"Na ulikuwa unaivaa vipi?"

Alinitazama kwa mshangao, bila lawama yoyote.

"Vile uliniambia."

Niliketi. Barasa akadhani nimeshikwa na presha, akaniletea maji. Ningefurahi kama angenitukana. Mtu aliyepoteza kazi kwa ajili ya maneno yako halafu anakuletea maji, hiyo inachoma kuliko tusi.

Nikamwambia aniachie ile saa. Kuifungua sikuweza, ni gundi. Lakini nilikuwa na macho ya kutosha kuona mgongo wake. Mgongoni kuna taa ndogo ya kijani inayomulika ngozi. Damu inapokuja na kuondoka, mwanga unaorudi unabadilika, na saa inahesabu hapo mapigo ya moyo. Ikiwa imekaza vizuri juu ya ngozi, inasoma. Ikilegezwa, jua linaingia kwa pembeni, taa inainuka, saa inapotea, inasema haijavaliwa. Na mkono wenye baridi damu yake imejificha ndani, kwa hiyo hata haina cha kusoma. Kidole kimoja cha hewa, kile nilichowapa masoja wa Kibera maisha yangu yote, ndicho kilichomwondoa Barasa kazini.

Nilikaa nayo mchana kutwa. Nikaifunga kwenye kikombe, ikanyamaza. Nikaifunga kwenye mkate, ikasumbuka kidogo ikanyamaza. Kisha nikaifunga kwenye ndizi, nikaikaza sawasawa. Taa ikamulika, ikawaza, ikaleta mapigo ya moyo. Ya mtu mzima mwenye afya njema, aliyekaa ametulia.

Hapo nilicheka peke yangu mpaka Barasa akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilielewa. Ndizi yangu ingeweza kulinda lile geti mwezi mzima bila lawama.

Ijumaa tukaenda wote wawili. Supavaiza ni kijana anaitwa Denno, mpole kwa sauti, shati limepigwa pasi, tableti haimtoki mkononi. Rika lenu kabisa. Mbele yake orodha ya majina, na kila jina lina doti, kidoa cha rangi. Ya kijani, soja yuko kazini. Ya kijivu, hayupo. Hakuna rangi ya tatu.

"Mathe, naelewa," akaniambia, ndivyo mnavyoita mama siku hizi, kabla sijasema lolote. "Lakini sistimu ndiyo inaonyesha. Mimi simchukii Barasa."

"Ulienda getini hata siku moja ukamkuta hayupo?"

"Hatuhitaji kwenda. Ndiyo maana ya sistimu."

Mwili ukaniwaka, haki ya Mungu. Nikatoa ndizi kwenye kikapu. Nikaifunga saa ya Barasa mbele ya macho yake, nikaiweka mezani kati yetu. Tukangoja. Doti ya Barasa ikawa ya kijani.

Denno akaitazama ndizi, akaitazama tableti, akaitazama ndizi tena.

"Huyo yuko kazini," nikamwambia. "Mpe sare."

Barasa alikohoa akageukia dirisha. Mimi sikuwa na kicheko. Nikamfunga Barasa ile saa, nikailegeza kidole kimoja, nikaigeuza ndani, nikamsimamisha mlangoni kwenye jua. Kijivu. Nikamrudisha, nikaikaza, nikaipandisha juu ya mfupa wa kifundo kwa upana wa vidole viwili. Kijani. Mtu ni yule yule, hajatembea hatua tano.

"Mimi ndiye nilimwambia alegeze," nikasema. "Nimewaambia masoja wote hivyo tangu wewe hujazaliwa. Kosa la kwanza ni langu, na nimekuja kulisema. La pili ni lako. Huyu mtu amekulindia geti miaka, na ulikuwa na simu, na una miguu. Hukumuuliza anaivaa vipi. Ulikiuliza chuma."

Denno akavuta kiti karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Kuna wengine wanne walifukuzwa hivi hivi kabla yake."

Nilimwambia awatafute. Ameniambia amewapata wawili, na mmoja wao alikuwa amesharudi kwao mashambani.

Barasa alirudishiwa sare yake siku ile ile. Hakuna aliyesema pole. Kilichokuja ni maagizo: masoja wote wakaze mikanda. Wiki moja baadaye Denno akanipigia, akaniomba, kwa heshima zote, niende niwafundishe jinsi ya kuvaa. Na jioni hiyo hiyo Barasa alikuwa amenionyesha mkono. Upele ulikuwa umerudi, sasa ni kidonda.

"Mama Achieng," akaniuliza, "nilegeze kidogo?"

Maisha yangu yote nilikuwa na jibu la swali hilo.

Safari hii niliuliza mkono. Anaivaa saa ngapi, anaivua lini, ananawa na nini, mkono mwingine ukoje. Kesho yake nikamwambia Denno nitakuja, nitawafundisha masoja wako kukaza, juu ya mfupa kwa vidole viwili, vile mashine yako inataka. Lakini kila siku saa sita mchana kila soja ataivua. Ataosha mkono, ataukausha kabisa, ataosha na mgongo wa saa, kisha ataivaa mkono wa pili. Na muda huo wewe usimpigie mtu simu kumuuliza mbona amevua.

"Mathe, wote kwa pamoja?" akasema. "Sitaona chochote."

"Ndiyo."

"Wakubwa wataniuliza."

"Waambie waje wavae wao wiki moja, halafu waulize."

Alikubali. Sijui aliwaambia nini wakubwa wake. Nilikwenda, nikasimama mbele ya masoja wale, na wengi niliwajua, saa zao nilizitengeneza, na wakaninyooshea mikono yao bila mimi kuomba.

Kwa hiyo ninyi mnaosomea kuunda hizi kompyuta za kuvaa, na ninyi mnaozitengeneza pale kwa vibanda, nichekeni tu nikipita na kikapu. Lakini mtu akikuletea yake, iweke kando kwanza, mwambie alete mkono. Na mkiajiriwa kukaa mbele ya zile doti, mjue kila moja ina ngozi chini yake.

Kidonda cha Barasa kimekauka. Na kila siku saa sita mchana, kwenye ile tableti, majina yote yanakuwa ya kijivu kwa pamoja, na Denno anaiweka chini anangoja. Dakika hizo hakuna mtu duniani anayejua moyo wa Barasa unapiga mara ngapi, ila Barasa mwenyewe, amesimama bombani na mikono yote miwili mitupu.